Sindano za kichwa cha papa

Harufu ya alkoli kwenye farmasi za mutaa wetu wa Birere bado inanirudisha kando ya kitanda cha papa, baba yangu. Waasi walimupiga kichwani kwa kitako cha bunduki sababu aliwakatalia mabati aliyookoa wakati lava ya volkano ilipofunika nyumba. Wengine wanasema "watu wasiojulikana". Sisi tuliwajua, walikuwa wakinywa chai kwetu.

Toka hapo papa hakusema neno, hakusogeza kidole. Kila juma muganga wa hospitali alimuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa kichwani na mikononi, akiziacha zimesimama kwa muda ili kuamusha mishipa.

"Hizi zinasaidia tu," alimuambia mama. "Dawa musiache, na mikono mumunyooshe kila asubuhi."

Siku moja, muganga alipozitoa na kuondoka, nyanya, mama yake papa, alifungua kitambaa chenye unga mweusi wa majani na pilipili. Kwake, mutu akitobolewa ngozi lazima dawa ipakwe ndani.

"Huyu anatoboa tu, anasahau dawa," alinung'unika, akaanza kusugua unga pale sindano zilipotoboa.

Mukono wa papa ukapanda polepole, ukamushika nyanya kiwiko.

"Mama," alisema kwa sauti ya mutu mwenye usingizi, "inachoma."

"Vumilia, mutoto wangu," nyanya alimujibu, na machozi yakimutiririka aliendelea kusugua.