Madoa ya Wifi Yangu

"Hivi wifi yako anaumwa nini, mbona mkono wake una madoa kama chui?"

Jirani yangu, fundi cherehani, aliniuliza hivyo huku uzi uko mdomoni. Yeye akikuuliza jambo, jibu analo tayari. Anataka tu kuona kama mmelingana. Nikamwambia haumwi, anajiunguza mwenyewe.

Wifi yangu, mke wa kaka, ni muuguzi wa wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Huko kuna kidude cha duara, kama kifungo cha koti, kinachobandikwa kwenye ngozi ya mtoto. Hujipasha moto ili damu isogee karibu na ngozi, ndipo mashine isome kama hewa inamtosha. Joto likizidi, kinatakiwa kijizime na mashine ipige kelele. Hilo neno "kinatakiwa" ndilo wifi halipendi. Basi kila asubuhi hukibandika kwanza mkononi mwake, akakifunika makusudi kwa kitambaa kizito, akangoja aone. Kinajizima, kinamwachia doa jekundu. Kesho doa jingine pembeni.

Kaka humtania, "Nilioa binti wa watu, leo nafuga chui."

"Basi nilishe vizuri," humjibu.

Nyumbani ni yaleyale. Kikombe cha chai hakiamini mpaka akiguse kwa kiwiko. Mungu anisamehe, nahofu hata mlangoni pa pepo atatanguliza kiwiko.

Binti wa jirani akajifungua mapema. Mtoto mdogo kama kiganja, pumzi za kubahatisha, akalazwa wodini kwa wifi. Mama yake alikuwa bado amelazwa chumba kingine, hivyo bibi ndiye aliyekaa na mjukuu, nami nikawa namsindikiza. Fundi wetu alipokiona kile kidude kifuani kwa mtoto, roho ikamuuma: kitu chenyewe cha chuma, kiko uchi, si kitamtia mtoto baridi? Kesho yake akaja na kifuko alichokishona, pamba ndani, pindo safi kabisa. Wifi alipogeuka kunawa mikono, akakivalisha kidude.

Haukupita muda mashine ikalia. Jirani naye akalia, tena akaishinda mashine kwa sauti.

"Mjukuu wangu! Kimemuunguza!"

Wifi akaja mbio, akavua kifuko, akakibandua kidude. Ngozi ilikuwa na wekundu kidogo tu, na mwenye ngozi anapiga miayo. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Mama, umekivalisha godoro," wifi alisema. "Kimezidiwa na joto, kikajizima. Ndiyo kazi yake."

"Hakirudi kwa mtoto. Mimi bibi yake nimekataa."

"Bila hiki, hewa ikimpungua tutachelewa kujua."

"Na kisipojizima siku nyingine? Wewe ndiye utakayeungua?"

Nikamtazama wifi, nikaona midomo inamcheza. Hakubishana. Alikigeuza kile kifuko, akausifu mshono, kisha akapandisha mkono wa sare yake. Tangu kifundo hadi kiwiko hapakuwa na nafasi ya doa jingine. Jirani akakodoa macho, akanitazama mimi, akakitazama kile kidude.

Wifi akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mama, nakuomba mkono wako. Tukipime kwako kwanza, halafu tumrudishie mtoto."