Mtungi Alioumwaga Bulonza

Mmenichosha. Kila mkija kunywa chai yangu mnasema, "Mama, andika ile ya Bulonza na kabichi," kana kwamba kalamu ni mwiko. Mimi herufi nimezijua nikiwa na wajukuu tayari, na mkono unaniuma. Ila nyinyi mnaisimulia mkicheka, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyecheka. Basi nitaandika mara moja, na mtu asinisahihishe.

Bulonza ni mwanamke wa Walungu, Kongo, mrefu, mkavu, mwenye mdomo wa kujibu. Vita vilimtoa Kivu, akakaa kambini Tanzania miaka kumi na mitatu, kisha ndege ikamshusha Buffalo, Marekani, kwa dada yake Adolphine, karibu na Grant Street. Theluji ya kule ikamshinda. Akahamia Reynoldsburg, akakunja nguo ghalani mpaka magoti yakagoma. Mwaka 2014 akafika Louisville, akapata kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, na kazi hiyo ikamkaa. Alikuwa msafi kupita kiasi. Palipopita Bulonza na ndoo yake ya javeli, ile dawa kali ya kung'arisha na kuua vijidudu, hata mende walihama. Tena alikuwa Msabato wa kweli: nyama ya nguruwe haikuingia mdomoni mwake, wala mchuzi wake, wala kijiko kilichogusa mchuzi huo.

Mwaka uliofuata kampuni yake ikampa mzee mmoja Mukraine, Yevdokia, mjane wa miaka themanini na nane. Bulonza alimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini waligombana vizuri na wakaelewana. Binti wa Koko, Lesia, aliishi Columbus, zaidi ya saa tatu kwa gari.

Koko alikuwa na ombi moja tu duniani: afie kitandani mwake, si katika nyumba ya wazee. Na Bulonza alimshika mkono akamwahidi, "Koko, mimi nikiwa hapa, hakuna atakayekutoa." Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo.

Sasa sikilizeni balaa. Jumapili moja ya mwezi wa kumi, Bulonza alinusa harufu kali, akaifuata mpaka chumba cha chini ya nyumba. Nyuma ya ngazi akakuta mtungi mkubwa wa udongo umefunikwa sahani. Ndani kabichi iliyokatwakatwa, juu yake povu jeupe. "Yesu wangu," akasema, "mzee analala juu ya uozo!" Akaibeba kabichi yote mpaka kwenye pipa la taka. Akausugua mtungi kwa javeli mara mbili, akaukausha ukang'aa, akaupandisha chumbani kwa Koko akingoja sifa.

Koko akachungulia ndani ya mtungi.

"Yote?"

"Yote, Koko. Sasa ni safi."

Koko akageukia ukuta.

Jioni Lesia akapiga simu. "Ameshakupikia kapusnyak?" akauliza huku anacheka. "Ile supu yetu ya kabichi chachu. Mwaka huu kabichi ameikata mwenyewe, Jumamosi moja ukiwa kanisani. Vidole haviwezi kufunga kifungo, lakini hakutaka hata nimshikie kisu. Wiki tatu anaichungulia kama mtoto mchanga."

Hapo ndipo Bulonza alipopaswa kusema kweli. Akajibu, "Bado hajapika." Kosa la mwenye kiburi humkaa kooni kama mfupa wa samaki: kulitema aibu, kulimeza maumivu.

Tangu siku ile Koko hakula. Chai, vijiko viwili vya uji, basi. Bulonza akanunua kabichi chachu ya chupa supamaketi. Koko akaitema kwenye shuka. "Siki," akasema, na ukuta ukamchukua tena. Ijumaa nesi akaja na mizani. Mwezi uliopita Koko alikuwa ratili tisini na tano. Sasa tisini na moja. Nesi akampigia Lesia palepale, Bulonza anasikia: Ijumaa ijayo atapimwa tena. Akishuka chini ya tisini hatabaki nyumbani, na kitanda katika nyumba ya wazee kipo.

"Nitakuja Ijumaa mwenyewe," Lesia akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Nesi alipotoka, Bulonza akampigia dada yake Buffalo.

"Adolphine, nitafutie shu, kabichi chachu. Ile ya Waukraine, ya mtungi, siyo ya chupa."

"Bon, dunia imefika mwisho. Msabato anatafuta kabichi ya kupikia nguruwe."

"Usicheke."

"Sicheki, nauliza. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, Bulonza. Umefanya nini?"

Bulonza akakata simu.

Lakini dada ni dada. Adolphine akaizunguka Grant Street duka kwa duka. Kwa Waburma akakuta majani machachu, siyo kabichi. Mahali pengine wakamtolea siki. Mwisho mama mmoja kituoni pa basi akamwelekeza kanisa la Waukraine, upande wa pili wa mji, ambako wanawake hukata kabichi pamoja kila msimu huu. Jumapili baada ya misa Adolphine akaenda. Wakamjazia ndoo, wakamweleza jinsi ya kupika, wakamkanya asikaze kifuniko. Sasa Adolphine amesafirisha mawese tangu usichana wake, na mtu wa mawese anajua jambo moja: kisichofungwa humwagika. Akakaza kifuniko, akakizungushia utepe mara sita, akamkabidhi mwanawe Ombeni, aliyekuwa anarudi kwake Reynoldsburg.

Usiku ulipoingia simu ya Bulonza ikalia.

"Tantine! Ndoo imetapika!" Ni Ombeni, anapiga kelele. "Nimefika tu nyumbani, kifuniko kimeruka mpaka kwenye kioo. Gari lote linanuka. Kitu kimeoza, ninakitupa."

"Ombeni, weka chini!"

"Tantine, kinatoa mapovu..."

"Mapovu ndiyo uhai wake! Ukikitupa usiniite tena mama mdogo. Nilikitupa mimi, unasikia? Nilitupa cha mwenyewe, na sasa mzee wa watu ananifia mikononi!"

Ombeni akaiweka ndoo chini.

"Donc, basi... ni wewe?"

"Ni mimi."

"Imebaki nusu, tantine. Kesho sina kazi, nitaileta. Lakini gari utaliosha wewe."

"Nitaliosha kwa javeli."

"Javeli hapana!"

Jumatatu mchana ndoo ikafika. Bulonza akafunua, akainama, akanusa. Na safari hii pua yake ikamrudisha Walungu, kwenye dimbwi la mama yake. Sisi tunaloweka muhogo siku nne mpaka kilima cha pili wanajua, na tunauita chakula. Cha mwenzake yeye alikiita uozo. Akakaa juu ya kiti cha jikoni.

Kisha akainuka. Akavaa glovu, akaziosha mbavu za nguruwe, kama Adolphine alivyomweleza, akitazama pembeni, akazitia chunguni. Akamenya viazi, akakaanga kitunguu na karoti. Akaikamua kabichi kwa ngumi. Alikuwa ameinyanyua kuimimina, fimbo ikagonga kitanda chumbani: ko, ko, ko!

"Viazi!" Ilikuwa sauti ya Koko, imekauka kama gunzi.

"Viko ndani, Koko."

"Vimeiva?"

"Bado kidogo."

"Viazi kwanza! Kabichi ikitangulia, kiazi kinabaki mbao!"

Bulonza akairudisha kabichi kwenye bakuli. Akangoja mpaka uma ukapita kwenye kiazi. Ndipo akamimina kabichi, na konzi ya mawele ya manjano, na pilipili manga. Nyumba nzima ikajaa harufu ile. Akapakua, akaenda nalo bakuli chumbani.

Koko alikuwa amegeukia ukuta.

"Kula, Koko."

"Sitaki."

"Ni ya mtungi. Imetoka mbali."

"Si yangu."

Bulonza hakuondoka. Alisimama na bakuli, mvuke unapungua, anahesabu: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Angeweza kulia, angeweza kugomba. Akasema lililobaki, nalo lilikuwa kweli tupu.

"Koko, sijui kama ina chumvi."

"Onja."

"Siwezi. Ni nguruwe. Dini yangu imenikataza."

Kitanda kikalia. Koko akageuka polepole, akamkazia macho yote mawili.

"Umepika na hujaonja?"

"Sijaonja."

"Unamletea mgonjwa chungu ambacho hakuna mdomo uliokigusa?"

"Basi nipe mdomo wako. Kijiko kimoja. Usile. Niambie chumvi tu."

Koko akanyoosha mkono kama hakimu anayepokea karatasi. Akaonja. Akakunja uso.

"Maji ya kuogea. Chumvi!"

Bulonza akakimbia, akarudi.

"Bado."

Akakimbia tena.

"Sasa pilipili. Nani alikufundisha kupika, mbuzi?"

"Mbuzi wa Walungu, Koko. Onja sasa."

Chumvi ilipokaa sawa, bakuli lilikuwa nusu, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Bulonza akawa anapunguza chumvi makusudi, ili safari za kuonja ziwe nyingi. Hapakuwa na kula katika nyumba ile. Palikuwa na kuonja, mchana na jioni.

Ijumaa Lesia akafika na macho mekundu. Nesi akaweka mizani sakafuni, wakamsimamisha Koko, Bulonza amemshika kwapa bila kumwinua, ingawa shetani alimwambia amkandamize chini kidogo ili uzito uongezeke. Namba zikacheza, zikatulia.

Themanini na tisa.

Nesi akafungua kalamu. Lesia akafunika uso. "Nitapiga simu kwenye ile nyumba," akasema.

Bulonza angenyamaza, na mpaka leo hakuna ambaye angejua. Kampuni ingempa mzee mwingine Jumatatu. Lakini wazee walisema, mficha uchi hazai.

"Lesia, usipige. Ule mtungi niliumwaga mimi."

"Mtungi upi?"

"Wa kabichi. Nilidhani imeoza. Niliosha kwa javeli. Ulipouliza, nilikuambia hajapika bado. Nilikudanganya. Siku nane hakula kwa sababu yangu, siyo kwa uzee. Siku nne hizi amekula; leo asubuhi bakuli mbili. Nifukuze mimi, nimestahili. Yeye umwache hapa."

Lesia akawa mweupe, kisha mwekundu. "Wiki nzima ninalia nikidhani mama yangu anakata roho! Na wewe unajua! Unajua na unanijibu simu!"

"Ndiyo."

"Toka ndani ya nyumba hii."

Bulonza akaenda kuchukua koti. Alikuwa na mkono mmoja ndani yake Koko alipoanza kusema kwa lugha yao. Alisema kirefu, hatazami mtu, kama anayesoma orodha. Lesia akajibu kwa ukali. Koko akasema tena, kwa kifupi.

Nesi akauliza, "Amesema nini?"

Lesia akamtazama mama yake. "Anasema huyu amemwibia kabichi yake, na hatamsamehe upesi. Anasema pia anapika vibaya, na kila siku anapunguza chumvi kusudi, anamwona mzee hana akili. Amenyamaza kwa sababu alikuwa na njaa." Akajifuta pua. "Anasema nikimtoa huyu, yeye mdomo anafunga, hapa au kule kwenye nyumba ya wazee."

Nesi alitazama mizani, akamtazama Koko, akaandika: apimwe tena baada ya siku saba.

Siku saba zile Bulonza hakulala. Ijumaa iliyofuata ilikuwa tisini na nusu. Ile nyingine, tisini na mbili. Kalamu ya nesi ikaacha kuitaja nyumba ya wazee. Lesia hakumsalimia Bulonza mpaka Krismasi, na alikuwa na haki. Bulonza alibaki, akimpikia mtu chakula ambacho yeye mwenyewe hawezi kukionja, akitukanwa kila siku kwa ajili ya chumvi, na kila tusi alilipokea kama mshahara.

Nimemaliza, na kidole kimevimba. Sasa nilipeni. Wewe uliyesoma, leo, kabla jua halijazama, nenda kwa mzee yeyote anayekula peke yake, ukae naye mpaka amalize sahani. Kisha niandikie amekula nini na amekutukana nini. Andika kwenye karatasi, siyo kwenye simu, na herufi ziwe kubwa.