Mtakatifu Aliyegonga Mlango Kabla ya Kusema

Alizaliwa katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha nguo, na mama yake mfumaji alimnyonyesha kati ya zamu na zamu. Mungu alimpa sauti ya kutikisa mabati. Wafanyakazi wakamwita Tarumbeta, na tangu ujana wake hakuna mwenzao aliyezikwa bila yeye kusema neno kaburini. Aliupenda ule ukimya wa watu wakimngoja. Aliupenda kupita kiasi.

Akiwa na miaka thelathini, moto uliua wanawake kumi na mmoja kiwandani, nyuma ya mlango uliofungwa. Makaburini Tarumbeta, damu ikimchemka, alimnyooshea kidole mlinzi wa kiwanda: "Ufunguo alikuwa nao huyu!" Watu hawakungoja amalize. Mlinzi aliuawa kwa majembe yaleyale yaliyochimba makaburi. Siku ya tatu ufunguo ulionekana ndani ya droo ya meneja. Tarumbeta akaenda kwa mjane wa mlinzi, akapiga magoti kizingitini. "Shemeji," alisema mjane, "kwetu na kwako ni hatua ishirini. Si ungekuja kuuliza?"

Swali hilo ndilo wito wake. Akaweka nadhiri asimshtaki mtu hadharani kabla ya kugonga mlango wake na kumsikiliza. Akaishika miaka ishirini, akidharauliwa.

Ndipo boila, tangi la mvuke la kiwanda, ikapasuka, ikaua watatu. Umati ukaja uani kwake. "Mzee, mtaje fundi wa boila tukamalizane naye!"

"Sijaongea naye. Sisemi."

"Tarumbeta imeingia kutu!"

"Kahongwa huyo mzee!"

Tarumbeta aliwatangulia hadi kwa fundi, akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo. "Mmemuuliza?" alisema. Jiwe la kwanza likampata shavuni. "Mmemuuliza?" La pili lilimwangusha. Alikata roho akiwa ameziba mlango kwa mwili wake.

Waliokuwapo hushuhudia kwamba mikono yao ilikufa ganzi, mawe yakawaponyoka. Fundi akatoka akilia, akakiri: alilala zamuni. Kosa lilikuwa lake kweli. Alihukumiwa na mahakama, akatumikia kifungo, akarudi kwa watoto wake.

Ewe uliyejaliwa ulimi mkali na watu wa kukusikiliza, usijidanganye kwamba ukweli peke yake unakupa ruhusa. Mfuate mtakatifu huyu. Shuka jukwaani kwanza, nenda kwa unayetaka kumtaja, ugonge, ungoje afungue.