Mafundo ya Njia ya Kigufi

Miaka ile ya hamsini, mgeni wa hoteli ya Gisenyi aliyetaka kutembea kwa miguu kando ya ziwa alipelekwa kwanza kwa Faradji. Kiti chake kilikuwa barazani, karibu na mlango wa jikoni, na kichwani alivaa kofia ya kufuma ambayo sidhani kama iliwahi kuonja sabuni. Aliuliza: mko wangapi, mna viatu gani, nani kati yenu anaogopa kimo? Kisha alitoa uzi mfukoni.

Uzi ndio uliokuwa ramani yake. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mwana hakurithi kingine ila uzi. Fundo kubwa lilikuwa mahali pa kupumzika na kunywa chai, fundo dogo mahali pa kuangalia miguu. Toka hotelini mpaka kilima cha Kigufi yalikuwa mafundo saba: mkuyu wa Rubona, maji ya moto, na mengine, na la tano, dogo kuliko yote, lilikuwa Jiwe la Mbuzi. Hapo njia ilipita ukingoni mwa jabali, mtu mmoja mmoja, ziwa likiwa chini. Ufuko ule wa kaskazini si wa kuchezea. Mchanga unaishia palepale mjini, na baada ya hapo ni mawe na mteremko. Wazungu waliupendea hayohayo, na Faradji aliwapangia saa ya kuondoka, wachukuzi wa kutangulia na birika, na mtumbwi wa kuwarudisha jioni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hotelini hawakulijua. Faradji alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimwanza upande wa kushoto, akahamia wa kulia, na mwaka wa pili sasa watu kwake walikuwa vivuli tu. Uzi aliusoma kwa vidole. Tabu ni kwamba njia haikai kama ulivyoiacha: mvua inakata hapa, mwenye shamba anaziba pale. Hayo aliambiwa na mkewe.

Mkewe aliitwa Mukandutiye, mtu wa Kigufi hasa. Aliposilimu alipewa jina la Zuhura, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa anauza samaki. Asubuhi alikwenda kwao kuwachukua kwa wavuvi, alasiri alirudi na kikapu kichwani, kwenda na kurudi kwa njia ileile. Jioni Faradji alishika uzi, akagusa fundo moja baada ya jingine.

“Ku mukuyu?”

“Iko muzuri.”

“Ku Jiwe la Mbuzi?”

“Iko muzuri, baba Mwavita. Matope kidogo tu.”

Mwavita ni binti yao, aliyeolewa Usumbura. Nyumbani walibaki wawili, na mshahara wa hoteli ndio uliowaweka mjini. Faradji alijua siku Madamu mwenye hoteli atakapogundua hali ya macho yake, kiti cha barazani kitapata mtu mwingine. Hofu hiyo alilala nayo na kuamka nayo. Ilimjaa hata hakusikia kwamba mkewe siku hizi anakohoa akishika ukuta, wala hakuuliza kwa nini amehamisha mkeka wake karibu na moto. Mtu aliyejua kila jiwe hadi Kigufi, na ya nyumbani mwake hayajui! Nampenda Faradji, lakini kwa hilo simtetei.

Mwezi wa tano, mvua zilipokatika, walikuja Wazungu wanne, wa kwanza tangu mvua zianze, waliotaka kufika Kigufi. Faradji aliuliza mafundo yake yote jioni, akaambiwa iko muzuri, akawapangia. Mbele alimweka Twagirimana, mchukuzi wake wa siku zote, na sanduku la vikombe kichwani.

Saa nane za mchana, wakati ambao birika lilipaswa kuwa linachemka kwenye fundo la saba, Faradji alisikia viatu vya Wazungu vinarudi barazani. Baadaye mpishi alimweleza. Ukingo wa Jiwe la Mbuzi ulikuwa umeporomoka tangu masika, na majani yalikuwa yameota juu ya mahali pasipo na kitu. Twagirimana aliyakanyaga. Walimtoa kwenye mawe ya chini akiwa hai, paja limevunjika mara mbili, na daktari alisema hatabeba mzigo tena.

“Faradji,” Madamu aliuliza, “njia hii uliiona lini wewe mwenyewe?”

Angeweza kusema uongo. Alikuwa na mazoea nao. Lakini sauti ya Twagirimana akilia ilikuwa bado inamfikia toka uani.

“Huu ni mwaka wa pili sijaiona, Madamu. Macho yangu yamekufa.”

Alikwenda nyumbani akipapasa nyua, uzi mfukoni, bila kazi. Mukandutiye alikuwa amekaa karibu na moto. Kikapu kilinuka samaki, kama kila siku.

“Mama Mwavita, siku gani ulipita kule mara ya mwisho?”

“Mbele ya Ramazani kuanza.”

“Na hawa samaki?”

“Ni ya Nyiraneza. Nanunua kwake ku soko, naweka ndani ya kikapu, usikie harufu.” Nyiraneza alikuwa jirani yao. “Miguu haikuwa inanibeba tena mpaka Kigufi. Docteur alisema iko kitu ndani ya tumbo, nimechelewa. Nilikuambia njia vile niliiona zamani. Niliogopa watakufukuza.”

Faradji alinyoosha mkono, akamshika juu ya kiwiko. Vidole vyake vilikutana upande wa pili. Mkono huo uliwahi kubeba kikapu ambacho yeye mwanamume hakukiweza. Alilia kwa sauti, bila aibu, na mkewe akamwacha alie.

Siku chache baadaye Mukandutiye aliomba kitu kimoja, apelekwe kwao Kigufi. Faradji alisema atatafuta mtumbwi.

“Mutumbwi hapana. Nipitishe ku njia. Nataka kuiona, nikuambie vile iko kweli.”

Kwanza Faradji alikwenda kwa Twagirimana, akakaa chini kando ya kitanda, akamweleza yote, yake na ya mkewe. Twagirimana alikuwa amelala chali, mguu umefungwa mbao.

“Ulinivunja, muzee,” alisema. “Hiyo siisahau. Lakini mama Mwavita alikuwa anapatia watoto yangu samaki. Habimana na wenzake watamubeba.”

Habimana alikuwa mdogo wake. Alikuja alfajiri na vijana watatu na ingobyi, ile machela ya kusukwa ya kubebea wagonjwa. Faradji aliwapangia kama alivyowapangia Wazungu: saa ya kuondoka kabla ya jua, kubadilishana mabega kila fundo, maji ya kunywa mkuyuni. Yeye alitembea ubavuni mwa ingobyi, mkono mmoja kwenye mkono wa mkewe, wa pili kwenye uzi.

“Ku mukuyu?”

“Walikata matawi yake. Kivuli hakuna tena.”

“Ku maji ya moto?”

“Njia imejaa mawe. Muweke miguu polepole.”

Alisema kweli kila mahali, na kila mahali palikuwa pabaya. Faradji alisahihisha uzi wake, akifungua fundo hili na kulisogeza lile. Walipofika Jiwe la Mbuzi, Mukandutiye aliomba wasimame.

“Hapa hakuna njia, baba Mwavita. Imekwisha. Mupande juu, ku mashamba.”

Faradji alilifungua fundo la tano. Walipanda mlima wakihema, wachukuzi wakishika miti ya ingobyi kwa mikono miwili. Huko juu palikuwa na upepo wa ziwa, na ardhi ilianza kuteremka kuelekea Kigufi.

“Na hapa?” Faradji aliuliza.

Hakujibiwa. Mkono aliokuwa ameushika haukumshika tena. Wachukuzi walipunguza mwendo, kisha wakaendelea.

“Na hapa, mama Mwavita? Njia iko namna gani?”

Habimana alitazama ndani ya ingobyi, akamtazama mzee.

“Iko muzuri, muzee,” alisema. “Iko muzuri.”

Faradji aliujua uongo huo. Aliutia uzi mfukoni, akaendelea kutembea.