Kitanda Alichokichagua Verica

Saa tatu asubuhi, ndani ya ghala lililo nje kidogo ya mji wa Zaječar, mashariki mwa Serbia, Verica Barbulović amepiga magoti mbele ya kitanda cha kuotea jua la taa, kile cha kuipa ngozi nyeupe rangi ya kahawia. Anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kioo chake cha plastiki, polepole, kutoka kichwani hadi miguuni. Anatafuta nyufa nyembamba ambazo macho hayazioni, maana kioo kikishaanza kupasuka hakina dawa, na mteja anayelala uchi juu yake atatoka na michubuko.

"Hiki kilikuwa cha bibi mmoja wa Graz, Austria," anasema Tihomir, mwenye ghala, sigara mdomoni. "Alikuwa akilala Jumapili tu, akitoka kanisani."

"Bibi yuleyule mwenye gari ulilomuuzia shemeji yangu?" anauliza Verica bila kuinua kichwa.

"Yuleyule! Ana mali nyingi yule."

"Basi mpe salamu. Shemeji bado anamtafuta."

Tihomir anacheka mpaka anakohoa. Wanajuana hawa. Kila kitanda kilichowahi kuingia kwenye saluni ya Verica mjini Negotin kimetoka katika ghala hili, na Verica hajawahi kuuziwa kibovu. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mmoja ameendesha saluni hiyo kwa karibu miaka ishirini, kwa mshahara wa dinari elfu hamsini na tano kwa mwezi, ambao ukitoa umeme na kuni za majira ya baridi unabaki mkate na kahawa.

Saluni si yake. Mwenyewe ni Ružica, anayesafisha maofisi huko Vienna. Wanaitana somo, kwa kuwa Ružica ndiye aliyemsimamia Verica harusi, na huku kwetu aliyekusimamia harusi humkatalii jambo. Mwezi Mei kitanda cha zamani kilipotoa moshi na kuzima, Ružica alipiga simu.

"Nunua kimoja, somo, cha bei nafuu na cha kudumu. Agosti isipolipa, funga mlango, funguo mpe mwenye nyumba," alisema. "Mimi nimechoka kuzika hela huko."

Agosti ndiyo kila kitu. Miezi mingine kumi na moja Negotin ni nyumba kubwa zenye simba wa saruji getini na madirisha yaliyofungwa. Agosti wenye nyumba hizo wanarudi kutoka Austria wanakofanya kazi na harusi zinaanza, siku tatu mfululizo, hema moja baada ya jingine. Bibi harusi akisimama pale akiwa mweupe, watu wanamuuliza mama yake kama mtoto anaumwa. Kwa hiyo wanakuja kwa Verica, bibi harusi na dada zake na mama zake, wakaive kabla ya siku yenyewe.

Tihomir anamvuta kwenye kitanda kingine, kirefu, cheusi, kinachong'aa, chenye taa nyingi na spika za muziki.

"Huu ndio mzigo, dada. Ukiwasha hiki, mji mzima utajua."

"Utajua kwa sababu umeme utakatika," anasema Verica. "Halafu taa zake ni za aina yake peke yake. Moja ikiungua niende wapi? Kwa bibi wa Graz?"

Anarudi kwenye kile cha kwanza. Anainua kifuniko na kukiachia katikati. Kinabaki palepale, maana yake springi bado ni nzima. Mita ya saa za matumizi haiangalii kabisa, kwa kuwa mita hurudishwa nyuma. Anaangalia skrubu. Skrubu zilizokwaruzwa zinamwambia kitanda kimefunguliwa mara nyingi, na hizi bado zina vumbi la zamani. Ncha za taa hazijawa nyeusi. Anawasha, anasogeza pua karibu anuse kama choki, kile kidude cha kuwashia taa, inaungua, kisha anafumba macho na kusikiliza feni.

"Hiki," anasema.

Wanabishana bei. Tihomir anaapa kwa jina la mama yake, Verica anamkumbusha kwamba mama yake yu hai na atamwambia. Wanakubaliana euro elfu moja na mia nane, pamoja na taa nne za akiba.

"Haya, lala," anasema Tihomir, na kugeuka kumpa nafasi, kama siku zote.

Verica hununua vitanda kama mpishi anavyoonja mchuzi. Akishakagua kila kitu hulala mwenyewe, na ngozi yake ndiyo hutoa hukumu ya mwisho. Leo amesimama tu, mkoba kifuani.

"Leo hapana. Nimekula sasa hivi."

"Tangu lini ukaogopa kulala umeshiba?"

"Pakia, Tihomir. Acha maneno."

Alichomficha Tihomir kiko chini ya blauzi, nyuma ya bega la kulia. Mwezi Machi alikatwa baka jeusi ambalo kwa mwaka mzima alilidhania kuwa la kawaida. Daktari alimwambia ni saratani ya ngozi, kwamba wamekata kwa upana kadiri walivyoweza, na kwamba atapimwa tena, majibu yatoke Septemba. Alimuuliza anafanya kazi gani. Verica alipojibu, daktari aliweka kalamu chini.

"Hakunigombeza," anasimulia Verica baadaye. "Heri angenigombeza. Aliniangalia tu kwa huruma, nami nikajua ni taa zile."

Mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa, naye ni Ružica.

"Alilia kwenye simu, alilia kweli," anasema Verica. "Kisha akaniuliza, 'Lakini siku ya kitanda utalala, siyo? Dakika tano tu, somo. Nani amekufa kwa dakika tano?'"

Siku ya kitanda ni desturi ya saluni ile. Kitanda kipya kikifika, Verica hulala asubuhi peke yake. Jioni wanawake huja na keki na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, wanakunywa kahawa, kisha mmoja wao humbonyeza Verica begani kwa kidole. Alama ya kidole ikibaki nyeupe katikati ya wekundu, kitanda kina nguvu, na wote wanaandikisha nafasi. Isipobaki, wanakunywa rakija yao na kwenda zao, na mpaka kesho mji mzima umeshajua kwamba Verica kauziwa bati.

Mwanzoni mwa Julai kitanda kikafika. Asubuhi ile Verica alifunga mlango, akavua nguo, akawasha. Taa zikawaka zote, sawasawa, bila hata moja kupepesa. Akakaa ukingoni, mguu mmoja ndani.

"Nilisema moyoni, we mwanamke, umelala mara ngapi maishani? Mara moja tu zaidi, ule mkate wako. Mguu wa pili ukakataa," anasema. "Nililia kama mtoto, halafu nikazima."

Jioni, aliposikia sauti zao mlangoni, alichukua taulo kavu akajisugua bega la kushoto mpaka likawa jekundu. Ni jambo la aibu na yeye mwenyewe analijua. Akafungua mlango akitabasamu.

Kama wangembonyeza palepale, pengine hila ingepita. Lakini Živka, aliyekuja na binti yake Teodora kutoka Vienna, alikuwa na habari za gauni, za ukumbi, za wakwe. Kahawa ikanywewa, ikapikwa nyingine. Wekundu ukatoweka taratibu huku Verica akiitikia "eeh, eeh" na kukata keki.

"Haya, lete bega," hatimaye akasema Živka.

Akabonyeza mara ya kwanza, akabonyeza tena, akavaa miwani.

"Loo! Verica! Umetuletea friji?"

Wakacheka wote. Mmoja akasema afadhali wakaanike migongo kando ya mto Danube, bure. Mwingine akamuuliza Verica, huyo Tihomir amemlisha nini safari hii. Kisha kicheko kikaisha, na Verica akaona mikono inatafuta mikoba.

Jamani, hebu mfikirieni mwanamke huyu. Akinyamaza, wanaondoka, na saluni imekufa jioni hiyohiyo. Akisema, anawaambia kwa mdomo wake kwamba kitu anachowauzia ndicho kinachomuua. Tena kitanda ni kizuri! Alikikagua kwa mikono yake, na sasa kinaitwa friji mbele ya macho yake.

"Kitanda hakina kosa," akasema. "Sikulala."

"Hukulala kwa nini?"

Verica alisimama. Alifungua vifungo, akageuka, akateremsha blauzi. Kovu lilikuwa bado bichi, limezama, pana kama kiganja cha mtoto. Akawaambia kila kitu alichoambiwa na daktari, uso ukiwa umeelekea ukutani, kwa sababu hakuweza kuwatazama. Alipomaliza alisikia Živka akimwomba Mungu rehema. Mwanamke mmoja alitoka bila kuaga. Wengine walimkumbatia, wakamvika blauzi yake, wakalia naye.

"Nikawaza, basi, imekwisha," anasimulia. "Nisemeje, nilijisikia mwepesi. Nikawaza kesho nampelekea mwenye nyumba funguo."

Živka akajipangusa macho, akakigeukia kile kitanda.

"Kumbe kitanda ni kizima!" akasema, na sauti yake ilikuwa na nafuu kabisa.

Teodora akauliza, kwa adabu sana, "Shangazi, wewe ulilala miaka mingapi?"

"Karibu ishirini, mwanangu."

"Mimi nataka mwezi mmoja tu. Gauni langu liko wazi mgongoni."

Wakaandikisha nafasi wote waliobaki. Mmoja alilipa kabisa kabla ya kuondoka, akisema ni kumsaidia Verica na dawa.

Sasa ni Agosti na saluni imejaa. Ružica amepiga simu kutoka Vienna, anafurahi, ameahidi kuongeza dinari elfu tano kwenye mshahara. Verica amekaa kwenye kiti nje ya chumba cha kitanda, amevaa mikono mirefu katika joto hili, uso wake umeanza kuwa mweupe. Kila bibi harusi, Verica humwambia yaleyale aliyoambiwa na daktari, kabla ya kumwashia. Wanatikisa kichwa kwa masikitiko, wanamuuliza anaendeleaje, kisha wanavua nguo. Anawapunguzia dakika kwa siri; wanagundua, wanalalamika.

"Mwanangu anayeishi Austria ananiambia niache," anasema. "Niende wapi? Kiwanda cha hapa mjini kilifungwa zamani. Hapa wanaajiri nani, simba wa getini?"

Nyuma ya mlango kitanda kinavuma, sauti moja, haipandi wala haishuki. Mara saa yake inalia.

"Shangazi!" anaita Teodora kutoka ndani. "Niongezee dakika mbili tu, Jumamosi ya harusi imefika!"

"Zinatosha, mwanangu. Vaa."

"Mbili tu, shangazi, tafadhali!"

Verica hanyanyuki. Anapoulizwa anatumaini nini baada ya msimu huu, anafikiri kwanza ni swali la majibu ya Septemba, na kwa hilo anapungia mkono tu. Kisha anashusha sauti, Teodora asisikie. Anasema kila asubuhi akikiwasha kitanda huomba kiharibike, feni ikwame, choki iungue, chochote kile, kabla bibi harusi wa kwanza hajaingia.

"Lakini hakitaharibika," anasema. "Nilikichagua vizuri mno."