Benchi Nililopeleka Kwenye Kikao cha Kusimama

Sifa zote ni za Mungu wetu, anayemvumilia mtu hata akiwa na mvi kichwani na bado hajajifunza kunyamaza. Nasema hivyo kwa sababu aibu niliyoipata mwaka huu mbele ya wafugaji nyuki wenzangu wa Inyonga, nikiikumbuka nashika kichwa.

Chama chetu cha asali kilitaka programu ya simu, mtu akishavuna atoe taarifa, na gari la kukusanya lijue liende wapi. Kazi tukawapa vijana wanne kutoka Mpanda mjini, wakaja kuifanyia hapa hapa Inyonga, wakiongozwa na Neema, binti wa mdogo wangu. Sharti la wanachama lilikuwa moja: tuione ikifanya kazi kabla ya msimu wa mavuno, la sivyo kazi inapelekwa kwa kampuni ya Dar. Mimi nikachaguliwa kukaa na vijana, niwaeleze sisi wafugaji tunahitaji nini.

Wana utaratibu wanaouita ajaili. Hawangoji programu nzima iishe; wanatengeneza kipande kidogo, kila baada ya wiki mbili wanakionyesha, kisha wanarekebisha. Na kila asubuhi wana kikao kifupi, kila mmoja anasema anafanya nini na nini kinamkwamisha, wote wamesimama, makusudi, ili maneno yasiwe mengi.

Sasa mimi na magoti yangu haya, siku ya pili nikabeba benchi kutoka nyumbani. Benchi tu, ndugu zangu. Lakini mzee akikaa vijana hawawezi kumsimamia kichwani, kwa hiyo nao wakakaa, na watu wakishakaa ni vibaya kuanza bila sala, na baada ya sala nikaona si ustaarabu kuingia kwenye kazi bila kuulizana habari za nyumbani (mmoja kwao ni Majimoto, ana shangazi wengi), halafu mke wangu akawaonea huruma akaanza kuleta chai na viazi, na mimi nikamshukuru Mungu kwa jinsi kikao kilivyochangamka, tukiinuka hapo jua liko utosini.

Siku ya kuonyesha nikawaita wanachama wote ukumbini (nilitaka waone ninavyowalea vijana). Mama Zawadi, mwenye mizinga mingi kutushinda wote, akaandika jina lake kwenye simu, likapokelewa. Basi.

"Sasa gari litajuaje asali yangu iko wapi?" akauliza.

"Hapo hatujafika, mama," Neema akajibu.

"Wiki mbili nzima, jina tu? Jina langu mbona nalijua."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kunong'ona habari za Dar. Nikasimama kuwaokoa vijana. Desturi yao, wakishaonyesha kazi huulizana wazi nini kimewachelewesha, nami macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa Elia, kijana anayechelewa kila asubuhi.

"Semeni bila woga, Mungu anasikia. Nani anatuchelewesha?"

Neema akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Ni wewe."

Nikamtazama Elia anisaidie.

"Mimi nachelewa ili nikute kikao kimeisha, mzee," akasema kwa adabu. "Bado nakikuta."

Mimi ninayeongea kanisani bila karatasi, nikaomba kwa maneno machache tu vijana wapewe wiki mbili nyingine na lawama ziwe zangu.

"Wapewe," akasema Mama Zawadi, "ila benchi libaki hapa."

Likabaki. Kuanzia hapo nilisimama na fimbo yangu, sala ikawa sentensi moja, na shangazi wa Majimoto wakangoja jioni. Wiki mbili zilipoisha Mama Zawadi akaandika kuwa asali iko tayari, na simu ya dereva ikalia palepale ukumbini. Nilijifuta uso. Kisha nikauliza tena, safari hii kwa hofu, nani anatuchelewesha.

"Hakuna, baba mkubwa," Neema akasema. "Ila umekanyaga waya wa kompyuta."

Sitabeba tena kiti kwenda mahali watu wamechagua kusimama. Nawe unayesoma, Mungu akubariki, akupe watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia ukweli hadharani, na akupe magoti ya kuusikiliza ukiwa umesimama.