Kijiji Kilichotukimbia

Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini siku nilipomwambia kwamba naenda kulala chini ya bashi, turubai lile la wakimbizi, huko Masereka.

"Hakuna mutu anakufukuza," alisema, "na weye unaenda kulala mu bashi? Kwa kupenda?"

Nikamwambia ndiyo, kwa kupenda, na hiyo ndiyo sababu yenyewe. Tulitoka upande wa Mutwanga tukikimbia vita nikiwa na miaka kumi na saba. Tulilala majuma kadhaa chini ya bashi la msaada nje ya Beni kabla ya kufika Butembo, na tangu hapo kila nikiliona turubai la bluu hugeuza uso. Nilitaka mara moja tu maishani mwangu nilale nje kwa sababu nimeamua mwenyewe. Mama akafuta macho, akasema shule zimenizidi.

Wazo lilikuwa la mwalimu wa hesabu wa shule ninayofundisha, mtu wa Kasaï aliyeletwa huku na kazi ya serikali, asiyejua kukaa kimya wala kukaa chini. Jumapili baada ya misa alituongoza na baiskeli zetu, walimu sita pamoja naye, mpaka Rughenda, tukautazama uwanja wa ndege, tukarudi kunywa limonade. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu, na watu wa barabarani walinipigia mluzi mpaka wakachoka wenyewe. Likizo ya Pasaka ilipokaribia, mwalimu alitaka kitu kikubwa zaidi: siku tatu, tuizunguke Masereka kwa njia za vilimani, tulale mashambani, na sufuria moja, mabashi mawili, mkeka wa kila mtu. Alisema kuna nchi ambako watu wazima hufanya hivyo kila mwaka na hakuna anayewacheka.

Siku ya kwanza nilifurahi, siwezi kudanganya. Tulipanda na kusukuma, tukapanda tena, na kule juu baridi ikatupokea na harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa viazi. Tulisimama kwenye kila kijiji. Tulikunywa maziwa. Tulilala kwenye shamba la mtu aliyetukaribisha, na asubuhi niliamka mgongo ukiniuma, nikaona ukungu umejaa bondeni, nikasema moyoni kwamba kumbe bashi ni kitambaa tu.

Ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kwetu mgeni hakatizi kijiji hivi hivi. Anashuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba ya kwanza, anasalimu, anasema ametoka wapi na anaelekea wapi, kisha anaonyeshwa kwa chef, mkuu wa kijiji. Hata mwenye kuchuuza vitunguu hufanya hivyo. Zamani ilikuwa adabu tu. Siku hizi vita iko kusini, redio husema jambo likishapita, na kijiji hujua usalama wake kwa mdomo wa yule anayepita. Anayepita bila kusalimu, basi huyo anakimbia. Hili halifundishwi shuleni kwa sababu hakuna asiyelijua. Mwalimu wa Kasaï hakulijua, na hakuwa na kosa. Mimi nililijua tangu kunyonya.

Mchana ule mvua ilitukuta kwenye mteremko. Kwa vile tulikuwa tumezunguka vilima, tulikuwa tunarudi na barabara inayotoka kusini. Tulikuwa tumelowa, mikono imekufa ganzi juu ya breki, tukaona mabati ya shule ng'ambo ya kijiji, na mwalimu akapaza sauti: "Tokende, twende! Tupige bashi kwanza, chef tutamuona kisha!" Hakuna aliyebisha. Tuliingia kwa kasi, baiskeli sita, mikeka na sufuria na turubai zimefungwa nyuma.

Nilikuwa wa mwisho. Kwenye nyumba ya kwanza mwanamke mmoja wa rika langu alikuwa ameketi chini ya paa akimenya viazi. Alisimama na kisu mkononi, akanisalimu, kisha akauliza, "Mama, munatoka wapi? Kule kuko nini?"

Nilimsikia vizuri. Sikuwa na pumzi, na maji yalikuwa yananiingia mdomoni, na nilikuwa nimekasirika kwa baridi. Nilimpungia mkono mmoja kuelekea mbele, nikapita.

Tulifunga mabashi kwenye ukumbi wa shule, tukahangaika na kuni mbichi. Labda saa nzima ilipita. Kisha alikuja katekista wa pale, mwanamume wa miaka hamsini hivi mwenye mwavuli uliovunjika, akasimama mbali kidogo nasi.

"Balifika wapi?" akauliza.

"Banani?" akasema mwalimu wetu.

"Baasi, bale benye bunduki. Nataka kujua tu njia gani ingali wazi."

Tukatazamana. Mwalimu akamweleza kwamba sisi ni walimu wa Butembo, tunatembea, ni likizo. Katekista alimsikiliza mpaka mwisho. Akatazama mabashi, akatazama sufuria.

"Batu bote bameenda," alisema. "Bameona velo, mikeka, mabashi, munatoka kusini na hamusalimie hata mutoto. Donc bangefikiri nini?" Hakupaza sauti hata kidogo. Ningependa angetutukana.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, wenyeji wakaingia msituni na mvua. Mwalimu, uso umembadilika, aliondoka na katekista na wenzetu wote kuwafuata watu kwa njia ya bondeni, wakiita. Niliambiwa nibaki nilinde vitu. Kulinda dhidi ya nani, sijui. Nilitembea kurudi kwenye nyumba ile ya kwanza kwa sababu miguu ilinipeleka huko. Viazi vilikuwa kwenye beseni, nusu vimemenywa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kutoka nje, kama tunavyofanya ili mbwa wasiingie.

Ndani mtu akasema kwa Kinande, "Umerudi?"

Nikasema si yeye, ni mwingine. Sauti ikasema basi fungua wewe uliyepo.

Alikuwa bibi kizee amelala kitandani. Nyonga yake ilivunjika Noeli, aliniambia, na haikuunga. Kando yake palikuwa na maji kwenye jagi, viazi vilivyochemshwa, rozari, na kopo la kujisaidia likiwa mahali ambapo mkono ungelifikia. Juu yake palikuwa na mablanketi manne. Nilihesabu vitanda vya nyumba ile na nikaelewa kwamba yalikuwa yote. Binti yake alikuwa ameondoka na watoto watatu kwenye mvua ya Masereka bila hata moja.

Nilimwambia ukweli. Sikupata njia ya kuufanya mdogo. Nilisema hakuna vita, kuna sisi tu, na mimi ndiye niliyeulizwa nisijibu.

Alivuta rozari akaishika. Kisha akasema, "Wakati anafunga mlango nilifumba macho. Mtu akimwacha mama yake amelala, anaweza kutembea."

Nilimfikiria babu yangu tuliyemwacha Mutwanga kwenye kiti chake. Nyumbani hatumtaji kwa jina, na mama huzima redio wakisoma majina ya sehemu zile. Nilidhani hilo ndilo lililonifanya nipande baiskeli, ili siku moja nilishinde. Sasa nilikuwa nimempelekea mwanamke mwingine mzigo uleule hadi mlangoni kwake, na wangu sikuwa nimeutua. Niliona haya kiasi kwamba nilianza kufagia nyumba isiyo yangu.

Niliwasha moto, nikamlisha, nikamsaidia kugeuka. Usingizi haukumjia. Kila nilipomtazama macho yalikuwa wazi kwenye paa. Kulipokaribia kucha akaniita.

"Akija atakuuliza," alisema. "Sema ulinikuta nimelala. Sema nililala mpaka asubuhi, sikujua kama wametoka."

Nikamwahidi.

Watu walianza kurudi jua lilipotoka, kwa vikundi, na kuku wamefungwa miguu, na magodoro yamelowa yakivuja juu ya vichwa. Wengine walitutazama na kucheka kicheko kibaya. Mzee mmoja alitema mate mbele ya baiskeli zetu. Mwalimu wa Kasaï alisimama kando ya barabara akimwomba msamaha kila anayepita, mmoja mmoja, kwa Swahili yake ya Kilingala, na matope yalikuwa yamemfika magotini. Simcheki tena yule mtu.

Mwanamke wa viazi alikuja karibu wa mwisho. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni ndani ya kitenge, akikohoa, wawili walishika sketi yake. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wake. Alinitambua. Nilingoja anipige, na ningekubali.

"Mama iko?" akauliza.

"Iko. Amekula. Niko naye tangu jana."

Akaitikia kwa kichwa. Hakusogea. Watoto walitaka kuingia, akawashika mabega.

"Ulimukuta analala?"

"Alikuwa analala," nikasema. "Amelala mpaka asubuhi. Hapana jua hata kama mulitoka."

Alinitazama, na nikaona ameshukuru, na nikaona pia hakuamini.

"Mama hapana lalaka tangu Noeli," alisema taratibu. "Wakati nilifunga kamba, nilijua ananisikia."

Ndani kitanda kililia kidogo. Kizee alikuwa anajigeuza kuelekea mlango, na kwa nyonga ile najua kulimgharimu nini. Mwanamke alilegeza kitenge, akamshusha mtoto, akanipa nimbebe. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya maiti.

"Ingia weye mbele," alisema. "Mi nitakufuata."